Umefumua mara sita? Kwanza niambie kosa lilikuwa mstari wa ngapi

Swali limetoka kwa kijana wa Moshi, dereva boda, kijiwe chake kiko karibu na Soko la Mbuyuni. Nalifupisha kidogo:

"Shikamoo mama. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi wa saba na baridi ya mwezi huo unaijua. Bibi yangu wa Kibosho alinifundisha kufuma nikiwa mdogo, sasa nimeamua mtoto nimfumie sweta mwenyewe. Nafumia kijiweni nikisubiri abiria. Naanza na vitanzi 46, nikifika mstari wa 20 nakuta 53, siku nyingine 55, afu katikati kuna mashimo. Nimeshafumua mara 6 naanza upya. Wenzangu wananicheka eti kazi ya wanawake. Je mimi sina kipaji? Au niache nihamie kwenye kusuka vikapu maana nasikia watalii wananunua na labda ni rahisi?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto anayekuja, Mungu awafikishe salama wote watatu. Swali lako nimelisoma, nikaenda kuangalia maharage jikoni, nikarudi nikasoma tena, maana umeandika kitu ambacho pengine hata mwenyewe hujakiona. Umesema unafumia kijiweni ukisubiri abiria. Hapo ndo yanapotokea mashimo yako, nina uhakika nao hata bila kuiona kazi, kwa hiyo habari za kipaji tuziweke pembeni kwanza tuangalie uzi.

Ukiwa katikati ya mstari una vitanzi kwenye sindano zote mbili, tuseme 20 kulia na 26 kushoto. Abiria anatokea, unasukumiza kila kitu kwenye mfuko, unampeleka Kiboriloni, unarudi. Unapotoa kazi yako sindano zote mbili zina vitanzi na kwa mtu anayejifunza zinafanana kabisa, kwa hiyo mkono unashika yoyote na kuendelea. Ukishika kinyume unakuwa umegeuza kazi kabla mstari haujaisha, unarudi ulikotoka, upande mmoja unapata mistari miwili zaidi ya mwenzake na pale pande mbili zinapokutana panabaki shimo. Kuanzia leo shika hili: uzi unaotoka kwenye bonge unatakiwa uwe unaning'inia kutoka sindano ya mkono wa kulia. Ukiukuta uko kushoto umeshika vibaya, geuza. Hilo tu, na nusu ya mashimo yako yatakoma wiki hii hii.

Sasa vitanzi vinavyozaliana. Mara nyingi vinazaliwa mwanzoni mwa mstari. Ukishageuza kazi, uzi unatakiwa ushuke chini ya sindano ndo uende nyuma, lakini anayeanza anauvuta kwenda nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano, sasa kile kitanzi cha kwanza kinanyanyuka miguu yake miwili inaonekana juu kama vitanzi viwili, na yeye kwa uaminifu wake anafuma vyote viwili. Kwa mistari 20 ukifanya hivyo mara 7 tu umeshatoka 46 umefika 53, hesabu yako hiyo hapo. Njia nyingine ni kusahau uzi mbele ya kazi afu ukafuma kitanzi cha kawaida, uzi unalala juu ya sindano, mstari unaofuata unaukuta pale unaonekana ni kitanzi halali, unaufuma, na hiyo inakupa vyote viwili, kitanzi cha ziada na kitundu chini yake. Ya tatu ni sindano kupasua uzi katikati, hii inawapata sana wanaotumia nyuzi za bei rahisi ambazo hazijasokotwa vizuri, nusu ya uzi inabaki huku nusu kule na wewe unahesabu mbili.

Kwa hiyo ona, una makosa matatu au manne, kila moja lina sababu yake na kila moja lina alama yake kwenye kitambaa. Swali langu kwako ni hili: katika hizo mara 6 ulizofumua, ni mara ngapi ulikaa ukaangalia kosa liko wapi kabla ya kuvuta uzi?

Nauliza hivyo kwa sababu shangazi yangu aliyenifundisha, kwenye kibaraza chake hapa Arusha, Kaloleni, alikuwa na sheria moja ambayo nilipokuwa mtoto niliiona ya ukatili. Ulikuwa huruhusiwi kufumua mpaka uweke kidole chako juu ya kosa useme hapa ndo nilipokosea na nilifanya hivi. Kama hujui unakaa nayo mapajani. Nimewahi kukaa na kipande cha mkono wa sweta tangu mchana mpaka watu wanasali magharibi, nakitazama tu, nalia, na yeye anaendelea na kazi yake wala haniangalii. Nilipokuja kuliona lile kosa, kitanzi kimoja kilichopinda mstari wa 9, sijawahi kukisahau mpaka leo, na vitanzi vilivyopinda navitambua hata kwenye sweta la mtu aliyekaa mbele yangu kwenye daladala.

Lugha yetu imeweka jambo hili vizuri, kufuma na kufumua ni neno lile lile limeongezwa herufi, hata nywele zinazosukwa tunasema zinafumuliwa. Fundi anafanya yote mawili kila siku. Ila ukifumua bila kujua ulipokosea unakuwa umerudisha uzi kwenye bonge tu, mkono wako haujapata kitu, ndo maana mara ya saba utakosea pale pale ulipokosea mara ya kwanza. Hicho ndo kilichokupata wewe. Umefuma mara 6 lakini umejifunza mara moja.

Basi nikufundishe kusoma kazi yako, maana hapa ndo penye utamu wote na watu wengi wanaojifunza kwa video wanaruka sehemu hii, wanafuata mikono ya yule mwalimu kwenye simu, akisimama na wao wanasimama.

Chukua kipande chako, kiweke kwenye mwanga. Kitanzi cha kawaida ukikiangalia kwa mbele ni kama herufi V, miguu miwili inakutana chini. Kitanzi hicho hicho kwa nyuma ni kituta, kama nusu mwezi umelala. Ni kitu kimoja unakiona mbele na nyuma, sio aina mbili za ufumaji kama watu wanavyoogopa, kwa hiyo yule "kitanzi cha nyuma" anayewatisha wanaoanza ni V umeifuma ukiwa umesimama upande wa pili wa ukuta. Ukilielewa hilo maelezo yoyote ya mtindo utayafuata, kwa sababu utaangalia kilicho chini ya sindano yako na utajua mstari uliopita ulifanya nini, hata kama ulikatishwa na abiria watano. Ukifuma kitanzi cha kawaida mistari yote, kwenda na kurudi, unapata matuta pande zote mbili na kila tuta moja ni mistari miwili, kwa hiyo matuta 10 ni mistari 20, huhitaji kuandika popote. Ukibadilisha, mstari wa kawaida mstari wa nyuma, unapata ule uso laini wa V tupu kama sweta la dukani.

Na hapo nikutahadharishe mapema. Huo uso laini unajikunja wenyewe, chini na juu unajikunja kuja mbele, pembeni unajikunja kwenda nyuma. Sio kosa lako! Ni tabia yake, mvutano wa vitanzi mbele na nyuma haulingani. Nimeona wanafunzi wamefumua kazi nzuri kabisa kwa sababu hii. Weka mistari kadhaa ya matuta kwenye kingo, au ule mtindo wa kuvutika wa mikononi na kiunoni, vitanzi viwili vya kawaida viwili vya nyuma, na kitambaa kitatulia.

Kitanzi kikidondoka sindanoni usishtuke. Kitashuka kama mtu anayeshuka ngazi, kila mstari unaacha uzi mmoja umelala kama kipandio. Tafuta ile sindano ya ndoano ambayo akina mama wanafumia vitambaa vya makochi, simama upande wa V, ingiza ndoano kwenye kitanzi kilichodondoka kutokea mbele, kamata kipandio cha chini kabisa, kivute kipite ndani, afu kinachofuata, mpaka ufike juu. Dakika mbili. Wewe ungefumua mistari 15. Na kabla ya sehemu ngumu, kama shingo au kwapa, pitisha uzi wa rangi nyingine kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote vya mstari mmoja ambao umeuhakikisha, uache humo. Ukiharibu huko juu utafumua mpaka hapo na uzi utasimama wenyewe, vitanzi vyote viko mahali pake.

Kwa wiki hizi mbili tatu hesabu vitanzi kila mwisho wa mstari, hata kama inachosha. Au funga vijiuzi vya rangi kwenye sindano kila baada ya vitanzi 10 uvihamishe unavyoenda, hapo ukikosa kimoja unajua kiko kwenye kumi la ngapi.

Kipaji sasa. Nimefundisha watu wengi, wengine walikuja mikono migumu kama ya fundi ujenzi, na kweli wengine ni mafundi ujenzi, na nakwambia kwa moyo wangu wote sijakutana na mtu mwenye mikono miwili na subira ya wiki 3 ambaye alishindwa kufuma. Tofauti niliyoiona ni namna ya kujizoeza. Anayekaa Jumamosi masaa manne mfululizo anachoka, shingo inauma, anakaza uzi, vitanzi vinakuwa vigumu sindano haipiti, anaamka Jumapili hataki hata kuziona. Anayefuma dakika 20 kila siku anaenda, maana mkono unajifunza hata ukiwa umelala, unalala jana ukiwa unajikwaa unaamka leo unashangaa inapita yenyewe. Kwa hiyo kijiwe chako hakina ubaya, tena ni darasa zuri sana, vipande vifupi vifupi siku nzima. Ila panga kazi: kijiweni fuma sehemu rahisi zilizonyooka tu, sehemu za kupunguza vitanzi na shingo zifume nyumbani usiku ukiwa umetulia. Siku utakayoweza kufuma mstari mzima unapiga stori na mwenzako huku macho yako barabarani, ujue mkono umeshashika.

Hao wanaokucheka wasikusumbue, ila nikupe cha kuwajibu. Kule Peru, kwenye ziwa Titicaca, kuna kisiwa kinaitwa Taquile, kiko zaidi ya mita 3,800 juu, yani juu kidogo ya kambi ya Horombo ya Mlima Kilimanjaro kwa wale waliopanda kwa njia ya Marangu. Kule wanaume ndo wanaofuma kwa sindano, mizula yao wanafuma wenyewe, vijana wanajifunza kwa baba zao, na UNESCO iliitangaza kazi yao ya nguo kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu wote mwaka 2005. Tusiende mbali, hapa hapa Tanzania Wafipa kule Rukwa walikuwa wanafuma vitambaa vya pamba kabla nguo za viwandani hazijajaa, na waliokaa kwenye mtambo ni wanaume. Na Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vya kusokotea uzi, kwa hiyo watu wa pwani walikuwa wanasokota pamba yao karne nyingi kabla ya Mjerumani. Tena kijiweni kwako kuna baridi ya asubuhi, ngoja umalize mzula wa kwanza uuvae uone nani atakuwa wa kwanza kukuuliza unauzaje.

Turudi kwenye sweta, maana kuna hesabu hukuiandika na nina wasiwasi hukuifanya. Vitanzi 46 umevitoa wapi? Kama ni kwenye video, ni vya uzi wa yule mwenye video na sindano zake na mkono wake. Lazima ufume kipande cha majaribio, vitanzi 30 hivi kwa mistari 40, ukilaze bila kukivuta, uchukue rula uhesabu vitanzi vingapi viko ndani ya sentimita 10, uhesabie katikati sio ukingoni. Ukipata 20, basi vitanzi 46 vinakupa sentimita 23 upande wa mbele, na nyuma 23, jumla 46. Kifua cha mtoto mchanga ni kama sentimita 33, kwa hiyo 46 ni nzuri, ana nafasi ya kuvaa kitu ndani na kukua miezi kadhaa. Ila kama mkono wako ni wa kulegeza ukapata 18, hivyo hivyo vitanzi vyako vinakupa 51. Ukikaza ukapata 22 unapata karibu 42. Tofauti ya vitanzi viwili tu kwenye sentimita 10! Na vikiongezeka mpaka 55 kama ilivyokupata, kipande kilichoanza na upana wa 23, huko juu kimeshafika 27 na nusu, ndo maana kilionekana kimefunguka kama feni.

Hili la kipande cha majaribio nimelilipia. Miaka ya nyuma nilichukua oda ya masweta 12 ya wanafunzi, nikafuma la kwanza kwa uzi niliouzoea likatoka vizuri, ule uzi ukaisha dukani, nikanunua mwingine rangi ile ile unene ukaonekana ule ule, na kwa haraka ya hela sikupima. Nilianzisha vitanzi 160 kwa kifua cha sentimita 80 kama kawaida. Kumbe uzi mpya ulikuwa unanipa 17 kwenye 10, masweta yakatoka sentimita 94, mtoto anaweza kuingia na mdogo wake. Waliyakataa, na walikuwa na haki. Nilifumua masweta 11, usiku kwa usiku, wiki tatu, watoto wangu wananisaidia kukunja uzi. Nilijifunza zaidi kwenye wiki hizo tatu kuliko mwaka mzima uliotangulia, lakini ningependa wewe ujifunze kwa kipande cha vitanzi 30.

Vifaa vifupi vifupi. Uzi wa kuanzia uwe rangi nyepesi, krimu au njano, mweusi na bluu iliyokoza hutaona vitanzi hasa jioni. Uwe laini, usiwe wa manyoya manyoya, na wa mtoto uupitishe shingoni kwako kwanza, ukikuwasha wewe na yeye utamuwasha. Sindano mm 4 inakutosha. Zile za zamani zina namba za Kiingereza zinazokwenda kinyume, namba 8 ndo mm 4, namba 6 ni mm 5, namba 10 ni nyembamba zaidi mm 3.25, watu wananunua namba 10 wakidhani ni nene. Spoku za baiskeli wengi wameanzia nazo, zinafaa kwa uzi mwembamba, lakini ni nyembamba mno kwa mwanafunzi, utakaza mkono bure. Mwanzi uliochongwa na kusuguliwa kwa msasa ni bora mara kumi.

Kama uzi mpya ni ghali nenda Memorial kwenye mitumba, nunua sweta kubwa la zamani ulifumue. Kwanza lipindue ndani uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki liache, limekatwa kama kitambaa, utapata vipande vifupi vifupi. Ukiona kingo ni safi na mshono umeunganisha kama mnyororo, chukua. Liache pia lile la sufu lililoganda kwa kufuliwa na maji ya moto, nyuzi zimeshashikana haziachani. Nyumbani fungua mishono, anza kufumua kutokea juu shingoni maana masweta mengi yanafumwa kutokea chini, ukianzia chini litakukatalia. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usichangamane, loweka maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, utundike na kitu chepesi kinachoning'inia chini, ukikauka mikunjo yote imenyooka. Sweta moja la mtu mzima linakutolea sweta la mtoto na mzula na chenji inabaki. Na kufumua kazi ya fundi mwingine ni somo lenyewe, utaona alipunguza vipi kwapani, aliungaje uzi, unasoma mkono wa mtu ambaye hutamjua maisha yako yote.

Kuhusu kusuka, iwe vikapu au vitambaa vya mtambo, sitaki ukimbilie huko kwa kudhani ni rahisi. Kazi nzuri sana naipenda, lakini subira yake ni ya aina nyingine. Kwenye kufuma kwa sindano unaenda unapima, unamvalisha mtu nusu ya kazi, unarudi. Kwenye kufuma kwa mtambo au fremu unaanza na mtande, zile nyuzi za kusimama zilizokazwa, na urefu na upana na idadi vyote umeviamua kabla hujapitisha mshindio, ule uzi wa kulala, hata mmoja, karibu nusu ya kazi imeshafanyika kitambaa bado hakijaonekana. Ukikosea mtande kitambaa kizima kitakukumbusha. Na mwanafunzi wa kwanza wa mshindio anakosea kitu kimoja, anauvuta ule uzi unaopita ukanyooka kabisa, sentimita 30 baadaye kitambaa kimebana katikati kama kiuno cha nyigu. Mshindio unatakiwa kulazwa umepinda kama kilima afu ndo unagongwa chini, ile ziada inahitajika kupita juu na chini ya kila uzi wa mtande. Vikapu navyo, hivi vya Iringa unavyoviona madukani vimesukwa kwa milulu na wanawake walioanza wakiwa watoto wadogo, na kitako kikienda upande, kikapu chote kinaenda upande.

Ukipata abiria wa Arusha siku moja, pita karakana ya Shanga pale Arusha Coffee Lodge, utawaona mafundi wenye ulemavu wanafuma kwa mitambo ya mikono. Simama uangalie miguu na mikono inavyopokezana, nimewahi kusimama pale muda mrefu nikasahau kilichonipeleka. Ukirudi nyumbani tengeneza fremu ya mbao nne, gonga misumari juu na chini kila nusu sentimita, tumia mabaki ya uzi wa sweta ufume kitambaa cha kuwekea sufuria. Lakini baada ya sweta. Ukihama sasa utahama na kosa lako lile lile, la kuanza upya bila kuangalia.

Jambo la mwisho, kuhusu unachokipata zaidi ya sweta. Nilikuwa na mwanafunzi mama mmoja ambaye hakumaliza darasa la saba, alikuwa anaamini hesabu sio za kichwa chake. Mtindo wa kuvutika wa mbili mbili unataka vitanzi vinavyogawanyika kwa 4 na kuongeza 2 ili kingo zilingane. Sikumwambia ni hesabu. Alikuwa anajaribu 40 inakataa, 42 inakubali, 46 inakubali, 48 inakataa, mpaka akaja mwenyewe kunieleza kanuni, anatetemeka kwa furaha. Siku hizi anampimia mteja kwa macho, anakata hesabu kichwani, anataja idadi ya kuanzisha. Alisema kilichombadilisha ni kwamba kitambaa hakimdanganyi, akikosea anaona, akipatia anaona, hahitaji mtu wa kumwambia. Hiyo hali naitaka kwako pia. Usisubiri mimi niseme umeweza.

Kwa hiyo mpango wako uwe hivi. Sweta lisubiri wiki mbili. Anza na kipande cha vitanzi 30, matuta tupu. Kikitoka na 30 juu, fuma mzula wa mtoto, kichwa cha mchanga ni sentimita 34 au 35 na mzula unavutika, kwa hiyo fuma wa sentimita 32 hivi, kwa mkono wa vitanzi 20 kwenye sentimita 10 ni vitanzi 64, kipande kilichonyooka unakishona ubavuni na kukusanya juu. Usiweke kamba wala vifungo, na usiweke mitindo ya matundu, vidole vya mchanga vinanasa, na akilala ndani kwenye joto umvue. Baada ya hapo sweta, vipande viwili vya mbele na nyuma, mikono miwili, vyote mstatili, mabegani acha pawazi upande mmoja ili kichwa kipite. Mwezi wa saba utaufikia.

Na kile kipande cha saba ulichoanza, najua umeshaanza, usikifumue. Kipeleke Kibosho kwa bibi, mpe shikamoo yangu, kaa naye kibarazani mtafute makosa wote wawili kwa kidole. Afu uniandikie: vitanzi viliongezeka mistari ipi, na vilizaliwa kwa njia ipi kati ya zile tatu. Na abiria akitokea ukiwa umebakiza vitanzi kumi, mwambie "sekunde tu kaka", malizia mstari, ndo uwashe pikipiki.